Mnunuzi Anapoaga Bila Kununua



Vikundi kadhaa vya kusuka vyondo na vya uchongaji sasa vina tovuti, yaani duka la kwenye intaneti. Tukitembelea vikundi hivyo tunaulizwa swali lile lile: "Watu wanaingia, wanaangalia picha, halafu wanaenda zao. Tufanye nini?" Kama kuna kijana anayejua kompyuta pale kikundini, huwa ameshatoa jibu: tuweke popapu. Tumeona tulieleze jambo hili polepole, kwa maana linaweza kukiinua kikundi na pia linaweza kukiharibia jina.

Popapu ni kidirisha kinachojitokeza juu ya ukurasa unaosoma na kukuomba kitu: ununue, ujiandikishe, uache anwani. Hapa tutakiita kidirisha tu. Kuna vile vinavyokurukia mara tu unapoingia, hata hujaona kitu. Hivyo havitusaidii leo. Tunachotaka kueleza ni kile kinachonyamaza mpaka mgeni anapotaka kutoka.

Mfano wake mnaujua. Ukienda Marikiti pale Machakos mjini, mama muuzaji anakuacha ugeuze nyanya zake upendavyo, wala hakusumbui. Lakini ukipiga hatua ya pili kuelekea kwa jirani yake, hapo anakuita: "Kuja basi, ulikuwa na ngapi?" Hiyo hatua ya pili ndiyo kompyuta inayoivizia.

Kompyuta inajuaje kwamba mtu anaondoka?

Msidhani inasoma mawazo. Kwenye kompyuta ya mezani kuna kimshale kinachoendeshwa kwa kipanya. Sasa, vitu vyote vya kumtoa mtu kwenye ukurasa viko juu ya skrini: alama ya kufunga, mahali pa kuandika anwani nyingine, kitufe cha kurudi nyuma. Kwa hiyo programu ndogo inawekwa ndani ya ukurasa wenu ikikitazama kile kimshale. Kikipanda na kuvuka ukingo wa juu wa ukurasa, programu inasema, huyu anaenda, na inafungua kidirisha. Ni hivyo tu. Wakati mwingine inakosea, kwa sababu mtu alitaka tu kuangalia saa au ukurasa mwingine aliouacha wazi.

Programu iliyotengenezwa vizuri ina adabu mbili zaidi. Ya kwanza, inangoja: mtu aliyekaa sekunde tatu na kutoka haulizwi, kwa sababu pengine alipotea njia. Ya pili, inaacha alama ndogo katika kompyuta ya mgeni, wanaiita kuki, ili akirudi kesho asiulizwe tena jambo lile lile. Kijana wenu akikuwekeeni kidirisha, mwulizeni hayo mawili kabla hamjalipa.

Kwenye simu mambo ni mengine. Simu haina kimshale, kuna kidole tu, na kidole hakionyeshi kinakokwenda mpaka kimeshagusa. Hapo programu zinakisia: mtu akirudisha ukurasa juu kwa haraka, akigusa kitufe cha kurudi nyuma, au akikaa muda mrefu bila kugusa kitu, zinadhani anataka kutoka. Makisio hayo hukosea mara nyingi zaidi kuliko kimshale. Tena skrini ya simu ni ndogo, kidirisha kinaifunika yote, na ile alama ya kukifunga inakuwa kama punje ya wimbi. Mgeni anagonga mara tatu, anakasirika, anatoka kabisa. Tangu Januari 2017 kampuni ya Google imekuwa ikitangaza kwamba ukurasa unaomfunikia mtu wa simu kile alichokuja kusoma, mara tu anapofika akitoka kwenye utafutaji, unaweza kushushwa katika orodha yake. Kwa hiyo kama wageni wenu wengi wanatumia simu, ushauri wetu ni huu: msiweke kidirisha cha kufunika skrini. Wekeni ukanda mwembamba chini ya ukurasa, au kitufe cha WhatsApp kinachokaa pale pale. Atakayetaka ataugusa.

Vidirisha hivi si vya jana. Kile cha kwanza cha matangazo kilitengenezwa miaka ya 1990 na Mmarekani aitwaye Ethan Zuckerman, akifanya kazi katika kampuni ya Tripod. Walitaka kuweka tangazo mbali kidogo na ukurasa ambao mwenye tangazo angeonea aibu kuonekana nao. Watu walivichukia hata programu za kusomea intaneti zikaanza kuvizuia, na mwaka 2014 bwana huyo aliandika makala akiomba radhi. Hivi vya siku hizi vinachorwa ndani ya ukurasa wenyewe, na ndiyo sababu havizuiliki kwa urahisi. Tunawasimulia habari hii ili mjue kwamba mgeni wenu anapoona kidirisha, ameshachoshwa na vingine mia moja kabla ya hicho chenu.

Basi kwa nini tujisumbue? Kwa sababu ya jina la mnunuzi.

Hebu tuangalie Wamunyu. Kazi ya kuchonga iliyoenea Ukambani inahusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akarudi nyumbani na kufundisha wengine. Toka hapo vinyago na wanyama wa mbao wamefika Ulaya na Marekani. Lakini kwa miaka mingi vilipita mikononi mwa wafanyabiashara. Mchongaji alijua bei aliyopewa siku ile, hakujua kinyago kimekwenda kwa nani. Ndiyo maana wachongaji waliunda vyama vya ushirika, Wamunyu kwenyewe na kule Changamwe, Mombasa, ambako ushirika wa Akamba ulianza 1963: wauze wenyewe, mgeni afike pale wanapochonga. Akina mama wa vyondo wameyapitia hayo hayo. Mtu wa kati hashikilii vyondo, vyondo vinaisha. Anashikilia daftari la wanunuzi. Asipokuja mwaka mmoja, kikundi kimekaa na mzigo chumbani na hakina hata mtu mmoja wa kumwandikia.

Sasa mgeni akiingia katika tovuti yenu, ameingia moja kwa moja, bila mtu wa kati. Amekaa dakika nne akiangalia kiondo cha rangi ya udongo. Halafu anatoka, na hamjui alikuwa nani. Kile kidirisha kinaweza kumwomba jina na anwani kabla hajatoka. Wengi watakataa. Lakini tufanye hesabu ya mfano tu: wageni 200 kwa mwezi, wawili wananunua, 198 wanaondoka. Kama watu 4 kati ya hao 198 wanaacha anwani, mwisho wa mwaka mna majina 48 ya watu walioona kazi yenu na kuipenda, na ni yenu, si ya mfanyabiashara wa Nairobi.

Je, tumwombe nini mgeni?

Jambo moja. Si jina, na simu, na nchi, na umri. Sisi huku tuna desturi ya kumsindikiza mgeni, na kila mtu anajua kwamba maneno ya maana husemwa pale njiani, baada ya kuaga. Lakini anayesindikiza hamshiki mgeni mkono akamzuia njia. Anatembea naye kidogo, anauliza neno moja, anamwacha aende.

Kabla ya hilo neno moja, kuna kazi nyingine ambayo hata kidirisha kizuri namna gani hakiifanyi. Taasisi ya Baymard ya Denmark, inayochunguza maduka ya intaneti, imekusanya tafiti nyingi na kupata kwamba kati ya kila vikapu 100 ambavyo watu huanza kuvijaza, karibu 70 huachwa bila kulipiwa. Na sababu inayotajwa zaidi na watu waliokuwa na nia ya kununua ni gharama za ziada zinazotokea mwishoni, kama posta na kodi. Hebu mfikirieni huyo mama wa Ujerumani: bei ya kiondo ameiona, akaikubali, halafu kwenye hatua ya mwisho anaambiwa kuitumia ni karibu sawa na kiondo chenyewe. Au anaambiwa alipe kwa M-Pesa, na yeye hana M-Pesa. Huyo hata mkimwekea vidirisha kumi atakwenda tu. Andikeni gharama ya posta wazi, karibu na bei, kwa kila eneo: Kenya, Ulaya, Marekani. Wekeni njia ya kulipia kwa kadi. Elezeni kitachukua siku ngapi. Tunaamini kikundi kitakachofanya hayo peke yake kitapata faida kuliko kinachokimbilia popapu.

Baada ya hapo, kwa kikundi kipya, neno tunalopendelea zaidi ni swali. "Kabla hujaenda: ni nini ulichokuwa unatafuta ambacho hukukiona?" na nafasi ya kuandika mstari mmoja. Majibu yake ni dhahabu. Mmoja ataandika posta ni ghali, mwingine mkanda wa ngozi ni mfupi, mwingine kwamba picha hazionyeshi ukubwa. Someni majibu hayo kwenye mkutano, kwa sauti, na katibu ayaandike. Ni mnunuzi anazungumza na msusi bila mkalimani.

Kikundi kilichozoea kinaweza kuomba anwani, lakini kitoe kitu. "Vyondo hivi vinasukwa kimoja kimoja. Tukimaliza vipya tukutumie picha?" Hiyo ni ahadi ndogo na mnaweza kuitimiza: picha mara moja kwa miezi miwili. Kama hamuwezi kuitimiza, msiombe. Mtu aliyeacha anwani mwezi wa pili akaandikiwa mwezi wa kumi na moja hakukumbuki, atadhani ni wale matapeli.

Halafu kuna lile la kupunguza bei. Hili ndilo vijana wanalolipenda: "Ngoja! Chukua asilimia 10 bure." Linaleta wanunuzi, hatukatai. Lakini fanyeni hesabu mbele ya msusi. Kiondo cha shilingi 2,500, asilimia 10 ni shilingi 250. Zinatoka wapi? Posta haipunguzi. Muuza katani hapunguzi. Muuza ngozi hapunguzi. Zinatoka kwa mama aliyesokota katani na kukaa na kile kiondo siku zote hizo, na pengine hata hajaulizwa. Tena wanunuzi wanajifunza. Kama pale sokoni, mtu akishajua kwamba ukijifanya kuondoka unaitwa na bei inashuka, kila siku atajifanya kuondoka. Mkitaka kupunguza, ipitishwe na mkutano, iwe kwa bidhaa ambazo zimekaa sana, na iandikwe ni nani anayebeba gharama. Kijana wa tovuti asiwe ndiye anayeamua mshahara wa wasusi kwa kubonyeza kitufe.

Uongo wa vidirisha

Sasa tufike pabaya. Mtaletewa vidirisha vilivyotengenezwa tayari, na baadhi vimejaa hila. Kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, "bei hii inaisha baada ya dakika 10", na ukifungua tena kesho ile saa inaanza upya dakika 10. Kuna "vimebaki 2 tu" wakati chumbani mna 60. Kuna kitufe cha kukubali kilichopakwa rangi kubwa, na cha kukataa kimeandikwa maneno ya kumwaibisha mtu, ati "Hapana, sijali akina mama maskini." Hili la mwisho tumeliona, na lilituuma. Anayenunua kiondo kwa kuaibishwa hanunui cha pili. Na hao akina mama hawajaomba huruma ya mtu, wanauza kazi nzuri.

Zaidi ya hayo, ni kosa. Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji bidhaa ya mwaka 2012 inakataza kumweleza mnunuzi mambo ya uongo au ya kupotosha, na haikusema kwamba uongo wa kwenye skrini ni mdogo. Kama ni kweli vimebaki viwili, andikeni viwili. Kama ni 60, nyamazeni.

Kitufe cha kukataa kiseme "Hapana, asante." Basi. Na alama ya kufunga ionekane vizuri, hata kwa mtu mwenye macho ya wazee.

Anwani za watu ni amana

Kikundi kikishachukua jina na anwani ya mtu kinaingia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Watu wanafikiri sheria hii ni ya benki na kampuni za simu. Mnamo Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini kampuni ya mikopo ya simu, na pamoja nayo klabu ya burudani ya Nairobi, Casa Vera, shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo si wakubwa peke yao.

Sheria inataka mambo ambayo mtu mwenye heshima angeyafanya hata bila sheria. Mwambieni mgeni mnaichukua anwani kwa kazi gani, na msiitumie kwa nyingine. Akubali yeye mwenyewe: kile kisanduku cha kukubali kisiwe kimeshawekwa alama kabla hajafika. Kila ujumbe mnaomtumia uwe na njia rahisi ya kusema "nitoeni", na akisema, mtoeni. Msiuze wala kuazima orodha, hata kwa kikundi jirani ambacho ni rafiki. Mkiuza Ulaya, sheria yao inayotumika tangu Mei 2018 ni kali vile vile, na wanunuzi wa huko wanaijua.

Kuhusu kujiandikisha kwa Kamishna, kanuni zinawasamehe wenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10. Lakini msamaha huo hauzigusi kazi za aina fulani, huduma za fedha zikiwa mojawapo, kwa hiyo kikundi kinachosuka na pia kukopesha watu kiulize kwanza. Na kusamehewa kujiandikisha si kusamehewa sheria yenyewe.

Jambo linalotusumbua zaidi ni dogo: nani ana ufunguo? Tunakifahamu kikundi kimoja kilichotengenezewa tovuti na kijana mwema, mtoto wa mwanachama. Anwani zote za wanunuzi zilikuwa zinaingia katika imeli yake binafsi, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo siku ile. Alipata kazi Nairobi, akabadilisha simu, akasahau neno la siri. Hakuiba chochote. Lakini kikundi kilibaki kama zamani, bila daftari. Kwa hiyo fungueni imeli ya kikundi, kwa jina la kikundi. Neno la siri liwe na viongozi wawili, na liandikwe katika bahasha iliyofungwa inayokaa na mweka hazina. Kila mwisho wa mwezi katibu anakili majina mapya katika faili moja. Viongozi wakibadilika, neno la siri linabadilika siku hiyo hiyo, kama mnavyobadilisha sahihi za benki.

Gharama na kupima

Programu za kuweka kidirisha zipo za bure na za kulipia kwa dola kila mwezi. OptinMonster, mojawapo ya zinazojulikana, ilianza 2013 na ni ya kulipia. Kama tovuti yenu imejengwa kwa WordPress, kuna viongezo vya bure vinavyotosha kabisa kwa kikundi kidogo. Msikubali kulipa dola kila mwezi kabla hamjapata hata mnunuzi mmoja kwa njia hiyo, na kabla ya kuweka namba ya kadi ya mtu yeyote someni malipo yanasimamishwaje, maana yanajirudia yenyewe.

Pimeni hivi. Mwezi wa kwanza kaeni bila kidirisha, mwandike wageni wangapi, wanunuzi wangapi. Mwezi wa pili kiwekeni. Mwezi wa tatu kiondoeni, wa nne kirudisheni. Andikeni katika daftari safu tatu: walioingia, walionunua, walioacha anwani. Msitazame anwani peke yake. Ikiwa anwani zimeongezeka lakini walionunua wamepungua, kidirisha kinafukuza watu. Na kama wageni wenu ni 50 au 60 kwa mwezi, tofauti ya mnunuzi mmoja haina maana yoyote, inaweza kuwa bahati. Ngojeni miezi sita ndipo mkutano uamue.

Vikundi vya Masii, Mwala na Kathiani vinavyotaka tukae pamoja na kijana wao wa tovuti tuandike maneno ya kidirisha, mleteni ofisini siku ya Jumanne pamoja na katibu na msusi mmoja. Huyo msusi asikose.